Rangi ya Nguo Ikishaingia Mtoni, Nani Ataitoa?

Wasee, leo tuongee historia. Si ile ya wafalme na vita. Ni historia ya maji machafu yanayotoka kwenye kiwanda cha nguo, na unga mweupe wa ajabu unaoweza kuyasafisha kwa nguvu ya jua.

Najua swali la kwanza mtakaloniuliza. Gakindu tuna kahawa, maziwa na makadamia. Kiwanda cha nguo hatuna. Sasa maji ya rangi yanatuhusu nini?

Fuata maji. Sisi watu wa Mukurwe-ini tumejengwa kwenye miteremko. Mvua ikinyesha hapa inashuka hadi Sagana, na Sagana ndiyo mwanzo wa Tana. Kutoka hapo maji yanapita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakitupatia stima, kisha yanaenda Garissa ambako watu wanayategemea, na mwisho yanaingia Bahari Hindi. Mtu akimwaga kitu huku juu, amemmwagia kila mtu aliye chini. Mambo haya tulijifunza kitambo kupitia kahawa. Faktori zetu huosha kahawa kwa maji mengi, na yale maji ya maganda ni ya hudhurungi, yana asidi, na yakiachwa yaingie mtoni yanamaliza oksijeni, viumbe wa majini wanakufa. Ndiyo maana faktori zikalazimika kuchimba mashimo ya kunyonya maji hayo.

Lakini maji ya kahawa yana afadhali moja: yanaoza. Wape bakteria muda na nafasi, watayala. Maji ya rangi ya nguo hayana afadhali hiyo, na hapo ndipo historia yangu inapoanzia.

Zamani rangi zilitoka kwa ardhi na kwa mimea. Udongo mwekundu wa kupaka mwili, magome na majani ya kuchemshia nyuzi za kiondo. Shosho akimwaga maji ya sufuria yake, amerudisha shambani kitu kilichotoka shambani. Kisha mwaka 1856, kijana wa miaka 18 huko London anayeitwa William Henry Perkin alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini haikupatikana. Alichopata ni uchafu mweusi ndani ya chupa, na alipouosha kwa pombe ukatoa rangi ya zambarau. Ukawa mwanzo wa rangi za viwandani. Miaka miwili baadaye Mjerumani Peter Griess akagundua mmenyuko wa kikemia uliozaa rangi za azo, ukoo ambao hadi leo ndio mkubwa kuliko wote katika biashara ya rangi za nguo. Mwaka 1956, miaka mia kamili baada ya Perkin, kampuni ya ICI ya Uingereza ikaleta sokoni rangi zinazojifunga na pamba yenyewe kikemia, zile ambazo ukifua shati mara hamsini bado linang'aa.

Hebu fikiria maana yake. Rangi nzuri ni ile isiyopauka kwa jua, isiyotoka kwa sabuni, isiyochujuka kwa jasho. Mteja wa Karatina anavuta shati, analisugua kwa kidole gumba, akiona rangi haitoki anatoa pesa. Sasa rangi hiyo hiyo ikiwa majini, jua haliipaushi vile, sabuni haiigusi, na bakteria wa kwenye bwawa la maji taka wanaizunguka tu kama mtu aliyepewa mfupa usio na nyama. Ile sifa iliyouza shati sokoni ndiyo inayotusumbua mtoni.

Na si rangi yote inashika kwenye kitambaa. Kwa hizi rangi za pamba, theluthi moja au hata zaidi inaweza kubaki kwenye maji. Mitambo ya zamani ilitumia lita 100 na zaidi kwa kila kilo ya kitambaa. Ongeza chumvi nyingi ya kusaidia rangi ishike, na magadi ya kuifunga, ndiyo upate supu kamili.

Kuna wanaosema ni rangi tu, ni urembo. Hapana. Rangi inazuia mwanga kufika chini ya maji, na mimea ya majini inakosa chakula. Halafu kuna jambo baya zaidi. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliona wafanyakazi wa kiwanda cha rangi wakiugua saratani ya kibofu kuliko ilivyo kawaida. Utafiti wa baadaye ulielekeza kidole kwa kemikali zinazoitwa amini za harufu, familia ambayo baadhi ya rangi za azo hutengenezwa nayo na zinaweza kuirudia zikivunjikavunjika mahali pasipo na oksijeni, kwa mfano kwenye tope la chini ya mto. Ulaya ilipiga marufuku rangi za nguo zinazoweza kuachia 22 kati ya amini hizo, kwa sheria ya mwaka 2002. Mia moja na saba ni miaka mingi kungojea.

Turudi nyumbani. Kenya huru ilipenda viwanda vya nguo. Thika ilikuwa na vyake, kikiwemo Kenya Toray kilicholetwa kwa mtaji wa Wajapani, na Thika Cloth Mills ambacho bado kipo. Kisumu ilikuwa na Kicomi. Eldoret ikapata Rivatex katikati ya miaka ya 1970. Na sisi watu wa mlimani tulikuwa na chetu: Mount Kenya Textile Mills pale Nanyuki, wenyewe wanakiita Mountex. Pamba ilitoka sehemu za joto, kitambaa kikafumwa na kutiwa rangi humu humu nchini. Watu walisomesha watoto kwa mishahara hiyo.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Soko likafunguliwa, mitumba ikamwagika, usimamizi mbaya ukamaliza kilichobaki, na kiwanda baada ya kiwanda kikafunga lango. Hadithi hii tunaisimulia kila siku tukihesabu kazi zilizopotea, na tuna haki. Ila kuna upande mwingine ambao sijawahi kusikia ukisemwa kwenye mkutano wowote. Vile viwanda vilipofungwa, maji ya rangi pia yalihama. Shati lako la mtumba lilitiwa rangi mahali fulani, na mto wa mahali pale ukalipa. Hata viwanda vingi vya Athi River vinavyoshona nguo za kuuza Marekani tangu mpango wa AGOA wa mwaka 2000 vinaagiza kitambaa kikiwa tayari kimetiwa rangi, mara nyingi kutoka Asia. Kwa miaka thelathini tumevaa rangi za nguo na kuwaachia wengine masuuzo yake.

Sasa upepo unageuka. Chuo Kikuu cha Moi kilinunua Rivatex mwaka 2007, na Juni 2019 kikazinduliwa upya kikiwa na mitambo mipya kwa mkopo wa India. Kila serikali inayoingia inaahidi pamba na nguo. Mimi nataka hizo kazi zirudi, tena leo kabla ya kesho. Lakini kiwanda kikirudi na mtaro wake unarudi. Na hapo ndipo unga mweupe unapoingia.

Mwaka 1967 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Akira Fujishima, aliweka kipande cha titaniamu dayoksaidi ndani ya maji, akakiunganisha kwa waya na kipande cha platinamu, kisha akakimulika kwa mwanga mkali. Mapovu yakatoka. Maji yalikuwa yanapasuka kuwa oksijeni na haidrojeni bila moto na bila betri, kwa mwanga tu. Yeye na mwalimu wake, Kenichi Honda, walichapisha habari hiyo katika jarida la Nature mwaka 1972. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapanda dunia nzima, na kila mtu akakimbilia haidrojeni. Haidrojeni iliyotoka ilikuwa kidogo mno. Lakini mwaka 1977 Steven Frank na Allen Bard wa Chuo Kikuu cha Texas wakaonyesha kwamba unga huo huo ukimulikwa unaharibu sayanidi iliyo ndani ya maji. Kumbe kitu kilichoshindwa kuendesha magari kinaweza kufanya kazi ya usafi.

Unafanyaje kazi? Titaniamu dayoksaidi ni semikondakta, nyenzo iliyo katikati ya chuma kinachopitisha umeme na glasi inayoukataa. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiipiga, elektroni inaruka kutoka mahali pake na kuacha shimo. Shimo lile lina njaa. Linanyang'anya elektroni kutoka kwa maji yaliyo karibu, na hapo kinazaliwa kitu kinachoitwa radikali ya haidroksili, mojawapo ya vitu vikali zaidi vinavyoweza kuwa majini. Ile elektroni iliyoruka nayo inashikwa na oksijeni na kutengeneza mshambuliaji wa pili. Wawili hawa wanaikata rangi ya azo pale kwenye kiungo chake kinachoipa rangi, kisha wanaendelea kuvunja pete za kaboni zilizobaki. Ukiwapa muda wa kutosha, kinachobaki ni kabonidayoksaidi, maji, na chumvi chumvi. Unga wenyewe hauliwi. Ndiyo maana unaitwa fotokatalisti: kichocheo kinachoamshwa na mwanga.

Na kwa nini nano? Kwa sababu kazi yote inafanyika juu ya uso wa chembe. Unga unaotumika sana maabara kama kipimo, unaoitwa P25, una chembe za nanomita 21 hivi. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Gramu moja tu ya unga huo ina uso wa mita mraba 50 hivi. Wewe unayelipia chumba cha kumi kwa kumi, hiyo ni sakafu ya vyumba vitano, kwenye ncha ya kijiko.

Linganisha na njia za kawaida. Ukitia shabu kwenye maji, rangi inaganda na kuzama, lakini umeihamisha tu kutoka kwa maji hadi kwa tope, na tope lazima ulipeleke mahali. Ukitumia makaa maalum ya kunyonya, makaa yanajaa na unabaki nayo. Fotokatalisti inaiharibu rangi yenyewe.

Sasa mtu ataniuliza: kama ni rahisi hivyo tangu miaka ya sabini, mbona viwanda havitumii kila mahali?

Jibu langu ndilo limenifanya niandike. Tumekwama kwenye bika. Fungua tasnifu kumi za kemia kuhusu jambo hili, za Kenya au za nje, na nyingi zitakuonyesha mchezo ule ule: maji safi, rangi moja ya samawati inayoitwa methilini bluu, taa, unga, saa kadhaa, rangi imepotea, hongera, gauni la mahafali. Maji ya kiwanda hayako hivyo. Yana rangi tano zilizochanganyika, na weusi wake unazuia mwanga usiufikie unga. Yana ile chumvi niliyotaja, na chumvi inaiba zile radikali kabla hazijafika kwa rangi. Yana wanga, mafuta na sabuni, na radikali haichagui adui, inapiga chochote kilicho karibu.

Kuna na shida ya jua. Unga huu wa kawaida unaamshwa na miale ya urujuanimno, ile inayochoma ngozi, na hiyo ni karibu asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayotufikia chini. Sisi tuko kwenye ikweta, tuna bahati. Lakini yeyote aliyewahi kuamka Nyeri mwezi wa Julai, wakati wa gathano, anajua kuna siku jua hatulioni kabisa. Ukitumia taa, unalipa stima. Watafiti wanajaribu kuchanganya unga na vitu vingine ili utumie mwanga wa kawaida pia, na oksaidi ya zinki nayo inajaribiwa, ingawa yenyewe huyeyuka maji yakiwa na asidi.

Na kuna swali ambalo sitaki tulipite mbio: unga wenyewe unaenda wapi? Chembe ndogo hivyo hazishikwi na kitambaa cha kuchujia. Umoja wa Ulaya uliuondoa unga wa aina hii kwenye vyakula mwaka 2022 kwa wasiwasi wa usalama. Kwa hiyo mtu asije akatuambia atamwaga gunia la nano mtoni asafishe mto. Hiyo itakuwa ni kutoa uchafu wa jana na kuweka wa kesho. Njia ya busara ni kuufunga unga juu ya kigae, kioo au kokoto, maji yapite juu yake, unga ubaki. Wajapani walishafanya hivyo miaka ya 1990 na vigae vinavyojisafisha vyenyewe, kwa hiyo hatungoji ndoto.

Sasa angalia tulicho nacho hapa nchini, halafu uniambie kama huoni ninachokiona.

Kwale tulichimba ilmenaiti na rutaili, na hizo ndizo malighafi za titaniamu dayoksaidi. Meli ya kwanza ya Base Titanium iliondoka Februari 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Miaka kumi mchanga wetu ulipanda meli, na sehemu kubwa ya titaniamu duniani huishia kuwa weupe wa rangi za ukutani na plastiki. Eldoret kuna Rivatex, kiwanda halisi chenye maji halisi, na kilinunuliwa na chuo kikuu ambacho kina kituo cha umahiri, PTRE, kinachoshughulikia kemikali za mimea, nguo na nishati jadidifu.

Na sisi je? Mwaka ule ule wa 1972 ambapo Fujishima na Honda walichapisha kazi yao, watu wa huku walianzisha kwa harambee taasisi ya Kimathi. Leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na ndani yake kuna kampuni inayoshughulika na semikondakta. Watu wakisikia semikondakta wanafikiria simu na kompyuta, na ni sawa. Lakini neno hilo lilikuwa kwenye kichwa cha ile makala ya 1972. Kuweka tabaka jembamba la semikondakta juu ya kioo ni ujuzi wa jamii moja na ule wa kutengeneza chipu. Nyeri ina mikono inayoweza kujifunza kazi hii.

Msimamo wangu basi ni huu. Kwanza, pesa za utafiti wa fotokatalisti zitoke kwenye bika ziende kwenye mtaro. Jaribio moja la miezi kumi na miwili kwenye maji halisi ya kiwanda, mvua na jua, gathano na kiangazi, litatufundisha kuliko tasnifu nyingine ishirini za methilini bluu. Pili, unga huu uwekwe mwisho wa safari, baada ya bakteria na mabwawa kufanya sehemu yao. Ukiuweka mbele ulale na ule weusi wote, utashindwa, na wenye viwanda watasema sayansi ni porojo. Tatu, tuache kupima kwa macho. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kiwango cha rangi kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira, vipimo 15 vya Hazen, na hilo ni jambo jema. Lakini maji yanaweza kuonekana meupe huku vipande vya rangi iliyovunjika nusu, zikiwemo zile amini, bado vimo. Apimwe mwenye kiwanda kwa kilichomo, siyo kwa kinachoonekana.

Nne, na hii ni ya vijana wenzangu. Kuna wanaosema mambo ya mazingira yatafukuza wawekezaji, kwamba tupate kazi kwanza, mto baadaye. Naelewa njaa ya kazi, tunaishi nayo. Lakini waulize waliohesabu miaka kutoka kwa Rehn hadi sheria ya Ulaya: hiyo "baadaye" ilikuja baada ya miaka 107, na bili ililipwa na vibofu vya wafanyakazi. Mtambo wa maji ukijengwa pamoja na kiwanda ni sehemu ya gharama ya kuanza. Ukingojewa baadaye unageuka kesi mahakamani.

Siku wakija huku juu na ramani ya kiwanda cha nguo, na naomba waje, mimi nitawapigia makofi kwa hesabu ya ajira. Halafu nitauliza mtaro unaelekea wapi, kwa sababu chini yetu kuna Sagana, na chini ya Sagana kuna watu wenye ndoo.